Likizo ya Uzazi ni Haki, si Hisani

Askari alindaye mpaka wa Busia huenda ana mke aajiriwaye na Chuo Kikuu cha Busitema, tawi la Nagongera. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mke huyo likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Wiki 4, kwa uchache, sharti zifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. Kisha ana haki ya kurudi kazini.

Mfanyakazi mwanamume hupata siku 4 tu, ilhali ng'ambo, Kenya, sheria ya mwaka 2007 yatoa wiki 2.

Wanajeshi wenyewe hawamo katika sheria hiyo ya Uganda. Hata hivyo twawasihi, ndugu askari: zijueni haki za wake zenu kabla mtoto hajazaliwa.