Wote tumetoka Afrika, mbona mifuko haifanani?

Jumapili iliyopita nilikuwa uani nafua, mara mdogo wangu wa mwisho akaingia, kofia kaigeuza nyuma, uso umejaa habari. Nikajua leo kuna jambo. Salamu yenyewe aliitoa nusu nusu, kisha akarusha kombora: "Dada, nimeshaongea na mama. Tunauza kile kiwanja cha Mbagala."

Kiwanja chenyewe ndicho kitu pekee alichotuachia marehemu baba. Nikaacha kufua. Kumbe yupo bwana mmoja anajiita ajenti, ana ofisi ya meza moja na viti viwili, kamwahidi dogo kwamba akitoa milioni tisa, basi mwaka hauishi atakuwa 'Unyamwezini', yaani Marekani, na kazi itakuwa inamsubiri uwanja wa ndege kama teksi.

Nikamwambia huko mimi nimekaa miaka minane na sikuona kazi inayosubiri mtu uwanja wa ndege. Dogo akanitazama kwa jicho la huruma, akanipa jibu ambalo, msomaji wangu, linanichoma mpaka leo: "Dada usinichukie, lakini wewe ulizubaa. Mbona Wanaija wanakwenda wananunua majumba? Mbona Wasomali wana maduka mtaa mzima? Wewe umerudi na mabegi mawili."

Kweli nilirudi na mabegi mawili. Na moja lilijaa nguo za kupelekea watu.

Siku ile sikumjibu, hasira zilinikaba. Leo namjibu hapahapa gazetini, maana najua vijana wenye swali kama lake ni wengi, na wengine tayari wameshauza viwanja.

Jengo moja, riziki mbalimbali

Nilifika Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwezi Januari 2011. Baridi ya kule usiombe, machozi yanaganda kwenye kope. Nilikwenda kwa ile bahati nasibu ya viza, maarufu kama grini kadi. Nikaanza kwa 'kubeba boksi' kwenye ghala moja, halafu nikasomea kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa, ile ambayo kwa sheria ya Marekani mafunzo yake hayapungui saa 75, nikaajiriwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Huku Bongo wanatucheka eti tunaosha vikongwe. Sawa, lakini vikongwe hao ndio waliomlipia dogo ada ya sekondari.

Sasa pale kazini ndipo nilipoiona Afrika yote chini ya paa moja. Muuguzi mkuu wa zamu ya usiku alikuwa Mnaija. Chini yake Mkenya, mchana anasoma, usiku anagawa dawa. Wasaidizi tulikuwa mimi, mama mmoja wa Kiliberia na dada mmoja wa Kisomali aliyekulia kambi ya Dadaab, Kiswahili anakimwaga utadhani kazaliwa Garissa. Jikoni kulikuwa na mzee wa Kihabeshi ambaye kwao alikuwa mwalimu wa fizikia.

Theluji inayotupiga ni ileile, bosi ni yuleyule, na rangi yetu Mzungu anaiona moja. Lakini mwisho wa mwezi, kha! Mnaija anazungumzia kununua nyumba ya pili, dada wa Kisomali anahesabu kama kodi itatosha, na mama wa Kiliberia halali, anasubiri habari za Ikulu ya Marekani. Kwa nini?

Mwanzoni nilidhani kama dogo anavyodhani. Nikasema Wanaija wana akili ya biashara, wengine tumelala. Miaka ilivyokwenda nikagundua nilikuwa nauliza swali vibaya. Badala ya kuuliza huyu ni kabila gani, nilitakiwa kuuliza aliingilia mlango gani.

Waliopita mlango wa shule

Tuanze na Wanaija maana ndio wanaotunyima raha. Wengi wao waliingia Marekani kwa viza za masomo, au walikwenda tayari wakiwa madaktari, wahandisi na wahasibu. Katika takwimu za mwaka 2019, zaidi ya nusu ya Wanaija wa kule wenye umri wa miaka 25 na kuendelea walikuwa na shahada, wakati kwa wakazi wote wa Marekani wenye shahada ni kama theluthi moja. Hebu fikiria hapo. Hao sio Wanaija wa kawaida wa kwao. Wamechujwa mara ya kwanza na ada ya chuo, mara ya pili na ubalozi, mara ya tatu na mitihani. Ukichuja maji mara tatu kisha ukayalinganisha na ya mtoni, utasema mtoni kuna uzembe?

Wakenya nao mlango huo wanaujua zamani. Tangu 1959 Tom Mboya alipoanza kusafirisha wanafunzi kwa ndege, kwenda Marekani kusoma kwao ni jambo la ukoo. Mkenya niliyefanya naye kazi alikuwa na shangazi aliyetangulia. Shangazi ndiye aliyemwambia chuo kipi bei nafuu, mtihani upi uanze nao, na usinunue gari kabla hujapata leseni ya uuguzi. Ushauri kama huo ni mtaji, ingawa hauonekani benki.

Waliokimbia risasi

Sasa yule dada wa Kisomali. Serikali ya kwao ilianguka 1991, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Akakulia kambini. Mtu wa namna hiyo hachujwi kwa shahada, anachujwa kwa kunusurika. Akishapangiwa kwenda Marekani, nauli ya ndege anakopeshwa, tena anasaini karatasi kwamba atailipa, na makato yanaanza miezi michache tu baada ya kufika. Msaada wa kwanza wa kumpokea ulikuwa wa siku 90. Siku tisini, msomaji! Ujifunze lugha, upate kazi, uandikishe watoto shule.

Ndiyo maana Wasomali wa kwanza kule Minnesota, miaka ya 90, wengi walikimbilia viwanda vya kuchinja na kufungasha bata mzinga katika miji midogo kama Marshall. Kule Kiingereza hakihitajiki, mikono inatosha. Katikati ya miaka ya 2010, karibu nusu ya Wasomali wa jimbo hilo walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini. Na wale 'wabeba boksi' sio utani: Desemba 2018 wafanyakazi, wengi wao Wasomali, walisimama kwenye baridi nje ya ghala la Amazon pale Shakopee, wakilalamikia kasi ya kazi na muda wa kusali.

Dogo anasema wana maduka mtaa mzima. Ni kweli, Karmel Mall nimenunua sana vitenge na sambusa, unaingia humo unasahau kama uko Marekani. Lakini duka la futi kumi kwa kumi lenye abaya, simu na mafuta mazuri, ambalo ndani yake wanakula familia mbili, sio utajiri. Ni kujiajiri baada ya kukosa kuajiriwa. Halafu wengi hawataki riba, kwa hiyo mkopo wa nyumba wa benki ya kawaida wanaupita mbali. Mnaija wa dini nyingine anachukua mkopo, baada ya miaka kumi nyumba imepanda bei. Msomali analipa kodi miaka kumi hiyohiyo, anabaki na risiti.

Waliokwama mlangoni

Lakini usifikiri kujua Kiingereza kunamaliza mambo. Mtazame mama wa Kiliberia. Kiingereza ndicho lugha ya shule na serikali kwao, kazi anaipiga zamu mbili mfululizo, na kaingia kabla yangu. Tatizo lake ni karatasi. Vita ya kwao ilianza 1989, na kuanzia 1991 Waliberia wengi walipewa kibali cha muda tu, kikiongezwa na kuongezwa tena. Kila kinapokaribia kwisha, watu wanafunga mizigo moyoni. Kwa kibali hicho mkopo wa serikali wa kusomea huupati. Utasomaje uuguzi? Na nani atanunua nyumba katika nchi ambayo huenda mwezi ujao ukaambiwa uondoke?

Ilikuwa Desemba 2019 ndipo sheria ikapita ya kuwapa Waliberia hao nafasi ya kuomba ukazi wa kudumu. Mimi nilikuwa nimesharudi. Mama yule alinipigia simu analia, anacheka, analia tena. Miaka ishirini na nane, wengine wameshazeeka wakiosha wazee wenzao.

Na Mhabeshi wetu wa jikoni? Wenzake waliokimbia utawala wa Derg miaka ya 70 na 80, wengi wakiwa wasomi, walitangulia, wakafungua mahoteli na kumiliki teksi kule Washington. Yeye alikuja ukubwani, vyeti vyake havikutambuliwa, akaishia kumenya viazi. Kabila moja, nchi moja, mifuko miwili. Ukisema 'Wahabeshi wanazo' au 'Wahabeshi hawana', yote uongo.

Upatu tunafanana

Kitu kimoja kilichonifurahisha ni kwamba wote tulikuwa tunacheza upatu. Wasomali wanauita ayuuto, Wahabeshi ikub, Waafrika Magharibi susu, Wakenya chama. Pale kazini tukaunda wetu, watu kumi, kila mmoja dola mia mbili kwa mwezi. Zamu yako ikifika unashika elfu mbili mkononi.

Na hapo ndipo utakapoona siri yote. Mkenya zamu yake ilipofika alilipia muhula wa chuo. Dada wa Kisomali zake zote alizituma, nusu Dadaab, nusu Mogadishu, maana ukoo mzima ulibaki nyuma na yeye ndiye kisima. Mnaija hakuingia kabisa kwenye upatu, kwao wazazi ni maprofesa, hakuna anayemsubiri kwa chakula. Na mimi? Zangu zilikuja Bongo: paa la nyumba ya mama, dawa za baba, ada ya dogo. Alipofariki baba, zamu yangu ya upatu ndiyo iliyonunua tiketi na sanda.

Kwa hiyo ukiona mtu katajirika majuu, usiulize tu anaingiza ngapi. Uliza na wangapi wanakula kwenye mkono wake. Watu wa Kenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 katika mwaka 2023 peke yake. Fedha hizo ni nyumba ambazo hazikununuliwa kule ili huku watu wasilale njaa.

Haina maana kwamba mlango ulioingilia ndio kaburi lako. Watoto wa Wasomali waliosoma kule wameshaanza kugeuza meza. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kambi ya Utange pale Mombasa, aliingia Bunge la Marekani kwa uchaguzi wa 2018. Binti wa yule dada tuliyefanya naye kazi anasomea uuguzi. Lakini angalia imechukua nini: kizazi kizima kimeosha, kimechinja na kimebeba ili kinachofuata kikae mezani.

Dogo, sasa nijibu wewe

Jumatano nilimwita mdogo wangu, nikampikia na wali wa nazi ili asikilize. Nikamwuliza: "Wewe unaingilia mlango gani?"

"Mlango wa ajenti," akajibu.

"Ajenti sio mlango, ajenti ni mtu anayesimama nje ya nyumba ya wenyewe. Una barua ya chuo? Mwajiri wako anaitwa nani? Una fani ambayo karatasi zake zinatambuliwa?"

Kimya. Nikamweleza kwamba milango yenyewe inafungwa na kufunguliwa na watu wasiotujua. Wanaija waliondolewa kwenye ile bahati nasibu kwa sababu tayari walikuwa wameingia wengi. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na Juni mwaka huohuo raia wa nchi kadhaa, Wasomali wakiwemo, wakapigwa marufuku kuingia. Mwenye elimu akifungiwa huku anajaribu kule. Mwenye kiwanja kilichouzwa anabaki kushika risiti ya ajenti.

Dogo akala, akanyamaza, akaomba wali tena. Mwishoni akaniuliza, sauti chini: "Kwani dada, ile kozi ya uuguzi hapa Bongo inachukua miaka mingapi?"

Nikamwambia miaka mitatu, na tukipangisha kiwanja fundi magari aegeshe magari yake, tutapata sehemu ya ada. Hajakubali. Hajakataa pia. Ila hati ya kiwanja, ambayo ilikuwa chini ya godoro la mama, nimeshaihamisha. Na sisemi nimeiweka wapi, maana najua gazeti hili dogo naye analisoma.