Nyuma ya pazia Daytona: kwa nini shabiki wa mbio za magari huenda na redio masikioni

Kila aliyewahi kupanda lori la mnada anamjua utingo. Lori likitaka kurudi nyuma kwenye uchochoro wa soko, dereva haoni kilichoko nyuma. Utingo hushuka, hugonga bodi kwa kiganja na kupaza sauti: "Rudi! Rudi! Kata kulia! Simama!" Dereva humtii bila kuuliza. Utingo akikosea, ukuta unabomoka au mtu anaumia.

Sasa ichukue kazi hiyo uipeleke kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, magari 40 hivi yakiwa yamebanana. Hivyo ndivyo zinavyoendeshwa mbio za stoku za Marekani. Wasikilizaji wetu wanaoziona kwenye simu hutuuliza: yale magari si yanazunguka tu, utamu uko wapi? Katika makala haya tunajibu kwa kumfuata shabiki aliyepata pasi ya kuingia ndani ya uwanja wa Daytona, jimbo la Florida, siku ya mbio kubwa ya Daytona 500.

Stoku ni nini?

Magari ya stoku mwanzoni yalikuwa yale yale yanayouzwa madukani kwa watu wa kawaida. Kusini mwa Marekani, wasafirishaji wa pombe ya magendo walikuwa wakiyaongezea nguvu magari yao ili kuwakimbia askari, na baadhi yao wakaanza kushindana wao kwa wao. Mwaka 1948 Bill France na wenzake walianzisha chama cha NASCAR ili mbio hizo ziwe na kanuni. Uwanja wa Daytona ulifunguliwa mwaka 1959.

Zisichanganywe na Safari Rally ya Kenya. Kwenye rali kila gari huondoka kwa zamu yake, na mwelekezi hukaa kando ya dereva akimsomea kona zinazokuja. Kwenye stoku magari yote huondoka pamoja, na dereva yuko peke yake garini. Lishike hilo, tutalirudia.

Asubuhi: ziwa, gereji na matairi vipara

Shabiki huingia kwa njia inayopita chini ya barabara ya mbio. Akitokeza upande wa pili, anakuta ziwa katikati ya uwanja. Wajenzi walihitaji udongo wa kuinua kona, wakauchimba hapo hapo katikati. Shimo likajaa maji, nalo sasa linaitwa Ziwa Lloyd. Udongo wake ndio ulioziinua kona hadi nyuzi 31, mteremko ambao mtu kuupanda kwa miguu ni lazima ainamie mbele. Mwinuko huo ndio unaoliwezesha gari kupinda kwa kasi bila kutupwa nje.

Kutoka hapo anafika gereji, ambako mashabiki huwatazama mafundi kupitia madirisha ya vioo. Gari linalong'aa kwenye televisheni, kwa karibu lina mambo ya kushangaza. Taa za mbele si taa, ni stika. Milango haifunguki, kwa hiyo dereva huingilia dirishani, na usukani huchomolewa kwanza ili apate nafasi ya kupita.

Matairi nayo ni vipara tangu kiwandani. Barabarani kwetu trafiki angekusimamisha, na angekuwa na haki, kwa sababu mifereji ya tairi hutoa maji wakati wa mvua. Kwenye lami kavu, mpira laini usio na mifereji hugusa barabara kwa eneo kubwa zaidi, hivyo hushika vizuri. Ndiyo maana mvua ikinyesha Daytona mbio husimamishwa mpaka lami ikauke.

Mkulima wa mahindi naye ana lake hapa. Tangu mwaka 2011 mafuta ya magari haya yana asilimia 15 ya ethanoli, spiriti inayotengenezwa kwa mahindi ya Marekani.

Kabla ya kushindana, kila gari hupita kwenye ukaguzi. Kamera hupima umbo la bodi, kwa kuwa hata kasoro ndogo hubadilisha jinsi gari linavyopasua upepo. Timu inayokutwa na kosa huadhibiwa.

Mchana: sekunde kumi za piti

Piti ni sehemu ya pembeni ambako gari huingia katikati ya mbio kubadilishwa matairi na kujazwa mafuta. Kabla mbio hazijaanza, mwenye pasi huweza kusimama pale na kuona vifaa vilivyopangwa. Watu watano huruka ukuta kulihudumia gari: mmoja wa jeki, mmoja wa mafuta, na wengine wa matairi. Wengi wao ni wanamichezo, wakiwemo waliowahi kucheza mpira wa Kimarekani vyuoni. Tangu mwaka 2022 kila gurudumu hufungwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Matairi manne na mafuta huchukua sekunde kumi hivi.

Alasiri: masikio ndiyo macho

Mbio zinapoanza, shabiki mzoefu huvaa visikizi vikubwa. Kwanza vinamkinga na kelele, maana ngurumo za injini zile zinaweza kuharibu masikio. Pili, vimeunganishwa na skana, redio ndogo inayonasa mazungumzo ya timu. Mazungumzo hayo hayafichwi. Shabiki hubonyeza namba ya gari analotaka na kumsikia dereva akizungumza na fundi mkuu. Timu pinzani nazo husikiliza, ndiyo maana mengine husemwa kwa mafumbo.

Sauti ya tatu hutoka juu kabisa, kwenye paa la jukwaa. Huko husimama waangalizi, mmoja kwa kila gari, wakiwa na darubini na redio. Huyu ndiye utingo wa stoku, na kanuni zinataka awepo. Humwambia dereva wake: yuko nje yako, bado yuko, bado, njia nyeupe. Akisema "njia nyeupe" mapema kidogo tu, dereva atahama na kumgonga mwenzake. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, gari hupita zaidi ya mita 80 kwa sekunde moja, na likigongwa huvuta mengine kadhaa nyuma yake.

Kwa nini dereva asigeuze kichwa akaangalia mwenyewe? Jibu liko katika tarehe 18 Februari 2001. Siku hiyo, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, Dale Earnhardt, bingwa mara saba, aligonga ukuta wa zege akafariki dunia. Mwili ulikuwa umefungwa mikanda, lakini kichwa hakikuwa na cha kukizuia kisirushwe mbele, na fuvu likavunjika kwenye kitako chake.

Mwaka huo huo NASCAR iliwalazimisha madereva kuvaa kinga ya shingo, kola ngumu inayokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti. Kuanzia mwaka 2002 kuta za viwanja zikaanza kuwekewa mabomba ya chuma yenye sponji ngumu nyuma yake, ili zimeze kishindo badala ya kukirudisha kwa dereva. Viti navyo vikaundwa vikumbatie kichwa. Tangu hapo hakuna dereva wa ligi kuu ya NASCAR aliyekufa mbioni. Lakini kinga hizo hizo zinambana dereva shingo, na kwa hiyo anaitegemea zaidi sauti ya juu ya paa.

Tarehe 17 Februari 2020, tena katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, gari la Ryan Newman lilipinduka, likagongwa na jingine likiwa hewani, kisha likaserereka kwa paa huku cheche zikiruka. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, akiwa amewashika mikono binti zake wawili.

Ajali inapotokea, mwenye skana husikia swali moja kabla ya mengine yote: uko salama? Kisha kimya. Wakati mwingine redio imeharibika, wakati mwingine dereva bado anatafuta pumzi. Hapo waangalizi, mafundi na mashabiki wote hukodolea macho dirisha la dereva. Pana wavu pale, unaozuia mikono isitoke nje gari linapobiringika. Kwa desturi ya mchezo huu, dereva aliye salama huufungua wavu huo mwenyewe. Ukishuka, uwanja mzima hupiga makofi, hata waliokuwa wakimzomea asubuhi.