Merikebu Iliyojitia Kifungoni

Mwaka 1884, pwani ya kusini-magharibi ya Greenland, yaliokotwa masalio ya Jeannette, merikebu ya Kimarekani iliyopondwa na barafu na kuzama kaskazini ya Siberia miaka mitatu kabla. Na habari hiyo ilipomfikia Fridtjof Nansen, mwanazuoni wa Norway, alijiuliza masalio yale yamevukaje bahari iliyoganda, isipokuwa yamechukuliwa na barafu yenyewe, nayo imo safarini.

Basi akaagiza iundwe Fram, merikebu yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinuke isipasuke, na Septemba 1893 akaitia kwa hiari katika kifungo ambacho kila nahodha hukikimbia, isitoke ila Agosti 1896, karibu na Svalbard. Humo mabaharia walipima joto, upepo na nyota, wakatia bildi wakidhani bahari ile ni ya kina kifupi. Kamba zilipokosa kufika chini, wakafumua waya wa chuma wakasokota ndefu zaidi, ndipo wakajua kwamba kina chapita mita 3,000, na kwamba chini ya maji ya juu yaliyo baridi kabisa limelala tabaka la maji yenye joto zaidi, yatokayo Atlantiki.

La ajabu zaidi, barafu haikufuata upepo sawasawa, bali ilikengeuka kuume kwa nyuzi 20 hata 40. Nansen alidhani sababu ni mzunguko wa dunia, na Vagn Walfrid Ekman wa Sweden, katika hesabu alizozitangaza mwaka 1905, akabainisha kwamba kila tabaka la maji huburuta lililo chini yake, nalo la chini huenda polepole zaidi na kupinda zaidi, hata nguvu ya upepo ikaisha. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Kumbe mkondo nao hufuata upepo, lakini kwa mshazari.

Oktoba 2019 merikebu ya Kijerumani, Polarstern, ilijifunga katika barafu vivyo hivyo, pamoja na wanazuoni wa mataifa mbalimbali. Ni kweli, setilaiti huonyesha kila siku barafu imeenea hadi wapi. Lakini maji yagandapo huitema chumvi yake, na chumvi hiyo huzama gizani pasipo jicho la angani kuiona, hivyo hapana budi mtu awepo, atoboe barafu, ashushe kipimo chake, na kungoja.