Mustari wa muguu: kompyuta inaona kile macho hayaoni

Kila kartié ya mina iko na mutu ambaye jiwe lilimuvunja muguu, mufupa ukashikana, lakini leo anatembea upande-upande na goti linamuuma kila jioni. Jirani banasema: "Si alishapona?" Mufupa ulipona, ndiyo. Mustari wake njo ulipotea.

Tunasema mustari gani? Chukua kamba, uivute toka katikati ya kichwa cha mufupa wa paja, ndani ya nyonga, mpaka katikati ya kifundo cha muguu. Kwa muguu ulionyooka, kamba inapita karibu na katikati ya goti. Ikipita kando, uzito wa mwili, pamoja na mufuko anaobeba, unaegemea upande mumoja wa goti, na upande ule njo unakulika haraka.

Lakini kichwa cha paja kimefunikwa na nyama. Wapimaji wa kumina wanajua kazi hiyo: kutafuta pahali usipofika kwa kupima toka pale unapofika. Tarehe 21 Januari 1997, kule Grenoble, Ufaransa, munganga Dominique Saragaglia na wenzake waliweka goti la bandia kwa kuongozwa na kompyuta. Alama zinafungwa ju ya mifupa, kamera inaziangalia. Munganga anazungusha paja, na kompyuta inahesabu katikati ya muzunguko. Pale njo nyonga iko.

Tusiongeze chumvi. Magoti yaliyopimwa hivi yanapotea mustari mara chache zaidi. Ju ya maumivu na kutembea, majaribio mengi hayakuonyesha tofauti kubwa. Na masini ni ya bei. Kuna waganga wanaovuta waya wa kisu cha umeme toka nyonga mpaka kifundo, wanautazama kwa radio: kamba yetu ile ile, bila kompyuta.

Kwa muguu uliovunjika, foto ya radio ya miguu yote miwili inaweza kupimwa ju ya ekra. Muguu muzima njo kipimo cha ule mugonjwa. Basi mama, baba, mukimusindikiza mutu wenu lupitalo, muulizeni munganga: mustari unapita wapi? Na vidole vinaangalia sawa na vya muguu mwingine? Mufupa uliozunguka, radio ya mbele haiuonyeshi vizuri. Skanera njo inauona. Muulize mapema, kwa sababu mufupa ukishashikana vibaya, kuunyoosha ni kuukata tena.