JINO LA UTOTO LINA KAZI

Mwite mwanao wa miaka 6 au 7. Mwambie akae penye mwanga, aumanishe meno ya nyuma, kisha afungue midomo. Tazama meno ya mbele. Meno ya juu yanapaswa kuyafunika kidogo meno ya chini, kwa nje. Je, ndivyo yalivyo? Au jino moja la juu limeingia nyuma ya la chini? Au pana uwazi mbele, hata ulimi unapita? Au taya la chini linakwenda upande anapofunga kinywa?

Wengi wetu hatutazami. Tunasema, "Hayo ni meno ya utoto tu, yatang'oka." Ni kweli, yatang'oka. Lakini kabla ya kung'oka yana kazi.

Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota mtoto akiwa na miezi 6 hivi. Ndani ya mfupa, chini ya meno hayo, yanakua meno ya ukubwani. Jino la utoto linalishikia nafasi jino litakalokuja. Wewe mkulima unajua mambo ya mpaka. Ukiung'oa mti wa mpaka, jembe la jirani husogea. Kinywani ni vivyo hivyo. Gego la utoto likioza na kung'olewa mtoto akiwa na miaka 5, meno ya jirani husogea penye pengo. Jino jipya hufika akiwa na miaka 10 au zaidi. Linakuta nafasi imekwisha. Basi huota kando, au hukwama ndani ya mfupa.

Lipo jambo baya zaidi. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wapo wanaosema ana "meno ya plastiki". Hupelekwa kwa mtu anayepasua ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli na kuchimba kitu cheupe. Kitu hicho si plastiki. Ni chonge la mtoto ambalo halijaota. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa pepopunda. Waliopona wengi wamebaki na mapengo na meno yaliyokwenda kombo. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Kunyonya kidole nako hupinda meno. Mtoto wa miaka 2 mwache, wengi huacha wenyewe. Lakini akiendelea hadi meno ya mbele ya ukubwani yaanze kuota, meno ya juu husukumwa nje. Akianguka mchezoni, hayo ndiyo huvunjika kwanza. Usimpake pilipili wala kumchapa. Mpe mikono yake kazi, na msifu siku asiponyonya.

Kwa nini tunasema miaka 6 au 7? Kwa sababu mfupa wa mtoto bado unakua. Jino la juu lililoingia nyuma ya la chini linaweza kusukumwa kwa kifaa cha plastiki chenye waya, ambacho mtoto huvaa na kuvua. Mara nyingi kazi hiyo huchukua miezi michache. Likiachwa, huumiza ufizi wa jino la chini, na taya linaweza kuzoea kwenda upande likakua hivyo. Lakini si kila jino la kombo hutibiwa mapema. Huenda daktari akasema mngoje meno yote yaote. Mwamini, ila rudi siku aliyokupangia.

Kifaa hicho hutakipata zahanati. Anzia kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya. Yeye atakuelekeza hospitali kubwa zaidi ikibidi. Uliza gharama kabla ya kuanza.

Na ukiona meno ya mbele ya chini yameota safu mbili, usishtuke wala usichukue uzi kulivuta jino. Hutokea kwa watoto wengi. Jino la utoto likiwa linacheza, mwache alisukume kwa ulimi. Likitoka, ulimi huo huo utalisogeza jipya mbele. Likikaa miezi 2 au 3 bila kulegea, mpeleke kwa tabibu wa meno.