Je, Wajua? Mpingo, Mvule na Mninga Kwenye Kopo la Nyumbani

Je, wajua kwamba mpingo, mti ambao mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, huota kutokana na mbegu inayochukuliwa na upepo? Ganda lake ni jepesi, bapa, la rangi ya kahawia, na ndani mna mbegu moja au mbili tu. Mbegu hii haina masharti mengi. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha, isie kwenye udongo tifutifu, ifunike kidogo tu, na ndani ya wiki mbili tatu utaona miche inachomoza. Kinachohitaji moyo ni kungoja, maana hupita miaka 70 hadi 100 kabla mpingo haujafaa kuvunwa.

Je, wajua kwamba mpingo na kivuli haviivi chungu kimoja? Mche ukishapata majani yake ya kweli, anza kuutoa barazani kidogo kidogo, jua la asubuhi kwanza, mpaka uzoee jua la kutwa nzima. Mche uliodekezwa kivulini hurefuka ukabaki mwembamba, na ukihamishiwa shambani hauchukui muda kunyauka.

Je, wajua kwamba klarineti na oboe zinazopigwa kwenye orkestra za Ulaya na Marekani kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, na kwamba Tanzania na Msumbiji ndizo zinazoutoa kwa wingi? Ni mti uleule wa vinyago vya Wamakonde. Mwaka 2017 uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo magogo na mbao zake hazivuki mipaka ya nchi kihalali bila kibali.

Je, wajua kwamba tunda la mninga linafanana na yai la kukaanga? Katikati pamevimba na kujaa miiba mikavu, na pembeni limezungukwa na ubawa mpana mwembamba. Kuitoa mbegu ndiyo kazi yenyewe, na watu wengi hukata tamaa hapo. Ondoa ubawa kwa mkasi. Miiba iunguze juu ya moto mdogo au ipunguze kwa mkasi, kisha lishike tunda kwa kitambaa kizito na ulipasue ukingoni mwa uvimbe kwa kisu kikali, taratibu, usiikate mbegu iliyolala ndani. Utakuta mbegu moja, pengine mbili, laini, za kahawia iliyoiva, zenye ngozi nyembamba. Mbegu iliyokwisha kutolewa namna hiyo haisumbui tena kuota. Kule kwenye misitu ya miombo, kuanzia Tabora hadi Ruvuma, moto wa kiangazi huunguza ile miiba na kulilegeza tunda, nawe nyumbani unaifanya kazi hiyohiyo kwa mkono.

Je, wajua kwamba mche wa mninga hunyauka juu kila kiangazi, na hali haujafa? Jambo hili lijue kabla hujaanza, maana miche mingi hutupwa jalalani ingali hai. Mvua zikiisha, kijishina hukauka hadi usawa wa udongo. Chini, mzizi unaendelea kunenepa na kuweka akiba. Mvua zikirudi, unachipua upya. Porini mchezo huu unaweza kuendelea miaka kumi na zaidi, mpaka mzizi uwe na nguvu ya kusukuma shina refu kwa msimu mmoja, liwahi kupita kimo cha moto. Kwa hiyo kiriba chako, yaani kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, kikionekana kitupu mwezi wa Agosti, usikimwage. Punguza maji, kiweke mahali pasipochezewa na kuku, usubiri mvua.

Je, wajua kwamba mpingo, mninga na mkongo yote ni jamii ya mikunde, lakini haina marafiki walewale ardhini? Mpingo na mninga hushirikiana na bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuupatia mti naitrojeni. Mkongo, ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi, hauna vinundu hivyo. Wenyewe huungana na kuvu wanaofunika ncha za mizizi na kuisaidia kunyonya chakula. Ndiyo maana nashauri kwa nguvu zote: ukienda kuokota mbegu, chukua pia konzi mbili tatu za udongo wa chini ya mti mama, uchanganye kwenye viriba. Watu huhangaikia mbolea za dukani na kuusahau udongo huo wa bure, ambao ndio wenye marafiki wa kweli wa mti.

Je, wajua kwamba mbegu ya mkongo huvaa kofia? Mbegu ni nyeusi ya kung'aa, kubwa kuliko harage, na upande mmoja ina kofia nyekundu ya rangi ya moto. Ni nzuri mno, na watu huzitunga shanga. Ganda lake ni gumu, hivyo lisugue kwenye jiwe au msasa upande ulio mbali na ile kofia mpaka uone weupe, kisha uiloweke usiku mmoja. Ikivimba, iko tayari.

Je, wajua kwamba mchanganyiko wa kawaida wa kitaluni ni ndoo tatu za udongo wa juu wa msituni, ndoo moja ya samadi iliyooza sawasawa na ndoo moja ya mchanga? Samadi mbichi huunguza mizizi.

Je, wajua kwamba miche mingi inayokufa ikiwa michanga huuawa na maji? Ugonjwa unaitwa kinyausi. Shina huoza pale linapogusana na udongo, mche unalala chini, na mwenyewe akidhani una kiu huongeza maji na kuwapa nguvu kuvu wanaoua. Mwagilia asubuhi, acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, usisonganishe mbegu, na toboa matundu ya kutosha chini ya chombo. Kopo lisilo na matundu halifai kwa mti wowote.

Je, wajua kwamba mzizi ukijizungusha ndani ya chombo hubaki na mzunguko huo hata baada ya kupandwa? Mti unaweza kustawi miaka kadhaa, kisha ukadumaa au ukang'olewa na upepo, kwa sababu chini umejifunga wenyewe. Miti yetu ya mbao ngumu hutanguliza mzizi mkuu. Mche wenye majani manne unaweza kuwa na mzizi uliofika mwisho wa kiriba zamani. Chombo kirefu kinafaa kuliko kipana: chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kutobolewa kitako ni bora kuliko beseni. Kila baada ya wiki chache nyanyua chombo, na mzizi unaochungulia chini uukate. Mche utatoa mizizi mingi midogo ndani, na hiyo ndiyo itakayoushika shambani.

Je, wajua kwamba kuna mvule dume na mvule jike? Matunda yako kwa jike tu. Popo wa matunda huyafuata usiku na kuzitawanya mbegu mbali. Wewe yaponde matunda kwenye ndoo ya maji, nyama ielee uimwage, na mbegu, ambazo ni ndogo sana, zianike kivulini. Zimwage juu ya udongo uliosawazishwa kwenye trei, nyunyizia mchanga mwembamba, na maji uyapitishe kwa kinyunyizio, maana ukimimina kwa kikombe utazisomba zote. Dume au jike? Hutajua mpaka mti utoe maua, miaka mingi baadaye. Anayetaka mbegu za kesho apande kadhaa.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa mche wa mvule ni kidudu cha milimita chache? Jina lake la kisayansi ni Phytolyma. Mtoto wake hujipenyeza kwenye jani changa au kichipukizi, nacho huvimba na kuwa kinundu cha kijani. Kinundu kikipasuka, huanza kuoza, na ncha ya mche hufa. Mashamba makubwa ya mvule mtupu yameshindwa mara nyingi kwa sababu hii. Mwenye miche ishirini barazani ana nafuu ambayo mwenye shamba hana: anaweza kupita kila asubuhi, akageuza majani na kung'oa vinundu vingali vidogo.

Je, wajua kwamba mvule hutengeneza mawe? Wapasua mbao wanayafahamu, kwa sababu humeza meno ya misumeno. Mti huvuta hewa ya ukaa na kuifanya chumvi ya oksalati. Bakteria na kuvu wa ardhini huibadili chumvi hiyo kuwa chokaa, na chokaa hukaa kwenye udongo na hata ndani ya shina. Hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hudumu kuliko ile iliyomo kwenye jani au tawi.

Je, wajua kwamba Ukambani, wakulima walizoea kuokota kokwa za mti uitwao mukau kwenye zizi la mbuzi? Mbuzi hula matunda, kokwa hubaki, na zile zilizopita kinywani mwa mbuzi zilionekana kuota vizuri zaidi. Leo taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ikishirikiana na Wajapani wa shirika la JICA huko Kitui, imesambaza njia nyingine. Kokwa hupasuliwa, mbegu hutolewa nzima, ncha yake hukwanguliwa, huloweshwa, kisha husiwa kwenye mchanga wenye joto chini ya karatasi ya nailoni. Inafaa kuhangaikiwa. Mukau huvumilia ukame na kutoa mbao nzuri ndani ya miaka 10 hadi 15, ambayo kwa mbao ngumu ni muda mfupi.

Je, wajua kwamba mbegu ya mtiki hutaka kutaabishwa? Iloweke siku moja, ianike juani siku moja, urudie hivyo wiki moja au mbili. Tunda moja linaweza kutoa hadi miche minne. Mtiki ni mgeni kutoka Asia, uliletwa Tanganyika na Wajerumani. Sugua jani changa kwenye kiganja, litakuachia rangi nyekundu.

Je, wajua kwamba mbegu ya mfenesi, mti uliotoa milango mingi ya Unguja, ukiikausha umeiua? Ioshe utelezi na uisie wiki hiyohiyo. Mbegu za mkangazi nazo hazikai sana: tunda likishapasuka mtini, usizihifadhi kabatini.

Je, wajua kwamba tarehe ya kusia huhesabiwa kwa kurudi nyuma? Mpingo na mkongo huhitaji miezi minne hadi sita kwenye kiriba kufikia kimo cha kupandwa. Anayengojea masika ya Machi hadi Mei asie kati ya Septemba na Novemba. Anayeishi kwenye mvua moja, kama Tabora au Songea, asie Juni au Julai ili miche iwe tayari Desemba. Wiki tatu za mwisho punguza maji na uondoe kivuli chote. Siku ya kupanda, chana kiriba chote ukitoe, maana plastiki haiozi, na upunguze sentimita moja au mbili za udongo wa kitako pamoja na mizizi iliyojikunja. Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na 45 kwa upana, urudishe udongo wa juu kwanza, na uzungushie miiba pale penye mbuzi.