Dini, Desturi na Sheria katika Maisha ya Wanawake wa India

Watu wengi huchanganya maneno mawili: Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mwenyeji wa India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mwanamke wa Kiislamu wa mji wa Lucknow ni Mhindi kamili, ingawa si Mhindu. Je, dini humtenga kwa kiasi gani na jirani yake Mhindu?

Tukitazama mavazi, jibu si rahisi. Katika vijiji vya Rajasthan, wanawake wengi wa Kihindu hujifunika uso kwa ncha ya mtandio mbele ya baba mkwe. Huko Bengal, sari huvaliwa na Wahindu na Waislamu pia. Hivyo basi, mengi yadhaniwayo kuwa ya dini ni desturi za mahali. Zipo hata hivyo alama za dini moja tu: mke wa Kihindu, hasa kaskazini, hupaka rangi nyekundu katika njia ya nywele, na kwa desturi huiacha afiwapo na mumewe, mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10.

Tofauti kubwa zaidi imo katika sheria, kwani mambo ya ndoa na mirathi kwa sehemu kubwa huamuliwa kufuatana na dini ya raia. Kabla ya mwaka 1956, binti Mhindu mwenye kaka kwa kawaida hakurithi mali ya ukoo, hali sheria ya Kiislamu ilimpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Marekebisho ya 2005 yalimsawazisha binti Mhindu na kaka yake. Hata hivyo, mabinti wengi wa dini zote mbili huwaachia kaka zao mafungu yao ili undugu usivunjike.

Kisa cha Shah Bano wa Indore kinaeleza zaidi. Aliachwa mwaka 1978 baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 40. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilimpa haki ya matunzo kwa sheria ya raia wote. Viongozi wengi wa Kiislamu walipinga, na mwaka 1986 Bunge likatunga sheria ya pekee kwa Waislamu walioachwa. Mwaka 2001 Mahakama iliifasiri sheria hiyo kuwa mume lazima atoe, katika muda wa eda, kiasi cha kumfaa mke hata siku za mbele.

Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba dini ndiyo sababu, mwanafunzi wa jamii hana budi kuuliza kwanza: desturi ya mahali ni ipi, mali imo mikononi mwa nani, na sheria imetungwa na nani?